Kwa nini mabonde ya mito ya kale hayakuzaa dola zinazofanana?

Mwalimu wa Zamu ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Nafundisha historia katika shule ya sekondari, na kila nikifika kwenye mada ya ustaarabu wa mwanzo nakutana na maelezo ambayo wanafunzi huyakariri bila kuyatilia shaka: kwamba mito mikubwa iliwapa watu maji na udongo wenye rutuba, rutuba ikazaa chakula cha ziada, ziada ikazaa miji, na miji ikazaa wafalme, makuhani na waandishi. Vitabu vingi huyapanga mabonde manne katika jedwali, yaani Nile, Tigri na Furati, Indus, na Huang He wa China, kisha safu zinajazwa kana kwamba ni jambo moja lililotokea mara nne.

Sasa mwanafunzi mmoja ameniuliza: ikiwa mto ndio chanzo, mbona matokeo hayafanani? Misri iliunganishwa chini ya mtawala mmoja karibu mwaka 3100 KK, na kwa sehemu kubwa ya historia yake ya kale iliendelea kuwa nchi moja. Sumeri, katika bonde la Tigri na Furati, iliyokuwa na mji mkubwa kama Uruk hata kabla ya muungano huo wa Misri, ilibaki kuwa miji inayopigana yenyewe kwa yenyewe kwa mamia ya miaka, hadi Sargon wa Akkad alipoiunganisha karibu mwaka 2334 KK, na hata muungano huo haukufikisha karne mbili. Bonde la Indus nalo lina miji iliyopangwa vizuri kuliko yote, lakini hakuna anayeweza kutaja jina la mfalme wake hata mmoja.

Naifahamu nadharia ya Karl Wittfogel ya mwaka 1957, kwamba kazi ya kuchimba na kutunza mifereji mikubwa ilihitaji mamlaka kuu, na kwa njia hiyo umwagiliaji ukazaa utawala wa kimabavu. Naona nadharia hiyo inaeleza mfanano tu, na tofauti inaziacha palepale. Naomba wenye kulijua jambo hili wanisaidie: je, tofauti hizi zinatokana na tabia ya mito yenyewe, au tunaibebesha mito mzigo usio wake?

Mfuatilia Mambo ya Kale amejibu:

Mwalimu, jibu langu kwa ufupi ni kwamba tabia ya mto inaieleza kalenda ya mkulima vizuri sana, inaieleza siasa kwa sehemu, na tukifika Indus inakaribia kushindwa kabisa. Nitaanza na kalenda, kwa sababu hapo ndipo vitabu vya shule hupita mbio.

Mto Nile ulifurika wakati muafaka. Mvua za nyanda za juu za Ethiopia huanza kushika mwezi Juni, na kabla ya mabwawa ya zama zetu kujengwa maji yalifikia kilele nchini Misri mwezi Agosti na Septemba, kisha yakashuka Oktoba na Novemba, yakiacha mashamba yamelowa na kufunikwa na tope jipya. Mkulima alikuwa amekwisha kuvuna tangu Machi na Aprili, kwa hiyo gharika ilikuta shamba tupu. Kazi yake kubwa ilikuwa kujenga matuta ya kuligawa bonde katika majaruba mapana, kuyafungulia maji, kuyazuia humo kwa wiki kadhaa, kisha kuyaachia yarudi mtoni na kumwaga mbegu kwenye tope. Wamisri waliugawa mwaka wao kwa mwendo huohuo, wakawa na misimu mitatu: Akhet wa mafuriko, Peret wa kuota kwa mimea na Shemu wa mavuno.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoishi karibu na Ziwa Viktoria. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba gharika ya Misri ilitoka kwenye ziwa letu, na sivyo ilivyokuwa. Maji ya ziwa hupita katika vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, ambako karibu nusu yake hupotea kwa mvuke, na yanayosalia hutiririka kwa kiasi kisichobadilika sana mwaka mzima. Kilichoupandisha mto na kuleta tope ni Nile ya Buluu pamoja na Atbara, yote miwili kutoka Ethiopia. Mchango wa ziwa letu ulikuwa kuushikilia mto usipungue mno katika miezi ya kiangazi, na huo si mchango mdogo, ila gharika haikuwa yetu.

Tigri na Furati mambo yake yalikwenda kinyume. Mito hiyo hulishwa kwa sehemu kubwa na mvua za majira ya baridi na theluji ya milima ya Uturuki ya leo na ya Zagros, na theluji ikiyeyuka maji hufika uwanda wa kusini mwa Iraki kwa wingi mwezi Aprili na Mei, wakati ambapo shayiri iliyopandwa Oktoba na Novemba iko karibu kuvunwa au inavunwa. Maji yalikuwa haba mkulima alipoyahitaji kwa kupandia, na yalikuja kwa fujo alipokuwa na mazao yote shambani. Kwa hiyo Msumeri alifanya kazi mbili zinazopingana, moja ya kuyavuta maji kwa mifereji na nyingine ya kuyazuia kwa matuta. Zaidi ya hayo, mito yenyewe ilijijengea kingo za tope hadi mkondo ukawa juu kuliko uwanda wa pembeni, na tuta likipasuka mahali kama hapo maji hayana njia ya kurudi mtoni. Sheria za Hammurabi, aliyetawala Babeli karibu miaka 1792 hadi 1750 KK, zinaonyesha jinsi jambo hilo lilivyowasumbua watu: kifungu cha 53 kinasema kwamba mtu akizembea kuimarisha tuta lake, likapasuka na maji yakaharibu mashamba ya wengine, atalipa nafaka iliyopotea, na kifungu cha 54 kinaongeza kwamba akishindwa kulipa atauzwa yeye pamoja na mali yake, na fedha wagawane wale walioharibiwa mazao.

Kuhusu siasa, umbo la nchi lina uzito kuliko wingi wa maji. Kutoka maporomoko ya Aswan hadi mwanzo wa Delta ni zaidi ya kilomita 800 za ukanda mwembamba wenye jangwa kulia na kushoto, na mto wenyewe ndio barabara, kwa kuwa mkondo humpeleka msafiri kaskazini na upepo unaovuma kutoka kaskazini hulijaza tanga la anayekwenda kusini. Aliyeushika mto aliishika nchi, na aliyeshindwa hakuwa na pa kukimbilia. Uwanda wa Sumeri haukuwa hivyo hata kidogo. Mikondo iligawanyika na kuhama, miji ikapata kila mmoja mfereji wake, na mji ulio upande wa juu wa maji ukawa na uwezo wa kuukatia ule wa chini. Mgogoro unaojulikana zaidi ni wa Lagash na Umma, miji ambayo mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine kwa siku moja au mbili, iliyogombea mashamba ya Gu'edena na maji ya mfereji wa mpakani kwa vizazi kadhaa. Eannatum wa Lagash aliposhinda karibu mwaka 2450 KK alisimamisha jiwe la ushindi, ambalo vipande vyake viko katika makumbusho ya Louvre, Paris, hadi leo, na ukiviangalia utaona upande mmoja mungu Ningirsu amewanasa maadui katika wavu, na upande wa pili tai mzoga wakiondoka na vichwa vya waliouawa. Huo ulikuwa ugomvi wa majirani waliozungumza lugha moja na kuabudu miungu ileile.

Wittfogel, kwa maoni yangu, amepinduliwa na mfuatano wa matukio. Uchunguzi wa mwanaakiolojia Robert Adams katika uwanda wa Iraki ulionyesha kwamba mifereji mikubwa ilichimbwa baada ya dola kuwapo, na Karl Butzer alionyesha kwamba majaruba ya Misri yalisimamiwa zaidi na watu wa mahali penyewe kuliko na ofisi ya Farao. Farao alihesabu, akapima kimo cha gharika na kutoza kodi kwa kadiri ya kimo hicho. Kujenga tuta aliwaachia wenye shamba.

Mpima Matofali amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu kalenda, lakini ametugusia Indus kwa nusu sentensi na kuondoka, hali ya kuwa hapo ndipo swali la mwanafunzi linapokuwa gumu.

Miji ya Harappa na Mohenjo-daro, iliyostawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK, iko Pakistani ya leo, na utamaduni wake ulienea hadi Gujarat na Haryana nchini India; maeneo zaidi ya 1,000 yamekwisha kutambuliwa. Matofali yake ya kuchoma hufuata uwiano mmoja, yaani unene ukiwa moja, upana ni mbili na urefu ni nne, na uwiano huo unakutana nao katika miji iliyoachana kwa mamia ya kilomita. Ubora wa matofali hayo uliigharimu Harappa sana, kwa kuwa katika miaka ya 1850 wajenzi wa reli ya Lahore na Multan waliyang'oa kwa wingi na kuyatumia kama kifusi cha kulazia njia, kabla mtu yeyote hajajua ni ya zamani kiasi gani. Dunia ilijulishwa habari za ustaarabu huu mwaka 1924, John Marshall alipotangaza matokeo ya uchimbaji ulioanzishwa na Daya Ram Sahni huko Harappa na R. D. Banerji huko Mohenjo-daro.

Chukua kijiwe kimoja cha mizani kutoka huko. Ni mchemraba wa jiwe gumu la jamii ya gumegume, umesuguliwa hadi pande zote zikawa laini, na hauna maandishi wala picha ya mtawala. Kile kinachopatikana kwa wingi zaidi kina uzito wa gramu 13.6 hivi, kinachofuata chini yake ni nusu, kisha nusu ya nusu, na vilivyo juu yake huongezeka mara mbili. Kipimo hichohicho kilitumika bonde zima, na kimepatikana hata Bahrain, ng'ambo ya bahari. Huko Harappa baadhi ya vijiwe vilikutwa karibu na malango ya mji, na hilo limewafanya wachimbuzi wengine kudhani kwamba bidhaa zilipimwa hapo ili kutozwa ushuru. Mwalimu, watu hawakubaliani kwa bahati juu ya gramu 13.6 katika nchi pana namna hiyo. Mamlaka ilikuwapo. Tusichokiona ni sura yake, kwa kuwa hakuna kasri lililotambuliwa kwa yakini, hakuna kaburi la kifalme lililojaa dhahabu kama yale ya Ur, mji wa Sumeri, na hakuna ukuta wenye picha ya mtu anayewakanyaga maadui. Ile sanamu maarufu ya mtu mwenye ndevu na kitambaa begani, ambayo wachimbuzi waliipa jina la Kuhani-Mfalme, ina urefu wa sentimita 17.5 tu, na ukuhani na ufalme wake ni wa kubuni.

Mahali ambapo Misri na Sumeri wangejenga hekalu au kaburi, Mohenjo-daro walijenga bwawa la kuogea, lenye urefu wa mita 12 hivi, upana wa mita 7 na kina cha mita 2.4, lililozibwa kwa lami ili maji yasivuje. Visima vya mji huo vinakadiriwa kuwa vilifika 700. Nyumba nyingi zilikuwa na sehemu ya kuogea iliyosakafiwa kwa matofali na mfereji wa kutoa maji machafu hadi barabarani, na hizo hazikuwa nyumba za wakubwa peke yao.

Je, mto unaeleza haya? Kwa kiasi fulani. Eneo hilo hupata mvua za majira ya baridi upande wa magharibi na mvua za pepo za msimu wakati wa majira ya joto upande wa mashariki, kwa hiyo ngano na shayiri zilipandwa msimu mmoja, na nafaka ndogo, ufuta na pamba msimu mwingine. Mkulima mwenye misimu miwili na vyanzo kadhaa vya maji ni vigumu kumshika shingo kupitia mfereji mmoja. Tena Dholavira, katika nyika yenye chumvi ya Kutch, haikutegemea mto mkubwa wowote. Iliishi kwa kukinga maji ya vijito vya msimu katika mabirika makubwa, mengine yaliyochongwa katika mwamba. Hata hivyo ningeonya dhidi ya kuusifu mno utulivu wa watu hawa kwa sababu tu hatuoni wafalme wao. Maandishi yao, yenye alama 400 hivi, hayajasomeka, na wastani wa andiko moja ni alama tano tu. Juu ya kilima kirefu kuliko vyote cha Mohenjo-daro kuna stupa, yaani jengo la ibada la Kibudha, iliyojengwa zama za baadaye sana, na chini yake hapajachimbuliwa. Tabaka za chini kabisa za mji nazo zimezama ndani ya maji ya ardhini. Kama kasri lipo, huenda liko huko.

Mkaazi wa Matrah amejibu:

Assalamu alaikum, ndugu. Mnalinganisha mabonde kana kwamba kila moja lilikuwa kisiwa, na mimi ninayeandika kutoka Oman siwezi kulinyamazia hilo, maana nchi hii ndiyo iliyokuwa katikati.

Sumeri ilikuwa na tope, mafunjo, samaki, shayiri na kondoo. Haikuwa na shaba, wala mbao ndefu, wala jiwe gumu la kuchonga sanamu. Maandishi ya kikabari, yaani yale ya alama za kabari kwenye vibao vya udongo, hutaja nchi tatu za baharini kusini na mashariki: Dilmun, ambayo ni Bahrain na jirani zake, Magan, ambayo wataalamu wengi huiweka Oman na Falme za Kiarabu za leo, na Meluhha, inayokubalika na wengi kuwa nchi ya Indus. Sargon alijisifu kwamba meli za nchi zote tatu zilifunga gati katika mji wake wa Akkad, na mjukuu wake Naram-Sin akajisifu kwamba ameishinda Magan vitani. Karibu mwaka 2100 KK Gudea wa Lagash aliagiza jiwe jeusi la diorite kutoka Magan kwa ajili ya sanamu zake, na akaandika juu ya sanamu zenyewe kwamba jiwe limetoka huko. Shaba ilitoka katika milima yetu ya Hajar, ambako taka za tanuri za kale za kuyeyushia shaba bado zinaonekana.

Huko Ras al-Jinz, kwenye ncha ya mashariki ya Oman, wachimbuzi walipata vipande vya lami iliyopakwa kwenye vyombo vya baharini. Upande mmoja wa vipande hivyo una alama za mafunjo na kamba za chombo, na upande wa pili wamegandamana wadudu wa baharini wanaoshika kwenye mbavu za meli, kwa hiyo hakuna shaka kwamba vyombo hivyo vilisafiri. Mahali hapohapo pamepatikana vyungu vya Indus. Na katika Louvre kuna muhuri wa zama za Akkad wa mtu aitwaye Shu-ilishu, ambaye kazi yake imeandikwa kuwa mkalimani wa lugha ya Meluhha. Ikiwa mtu aliweza kuishi kwa kazi hiyo, basi wageni kutoka Indus walikuwa wa kutosha, na akiki zao nyekundu zilizotiwa nakshi nyeupe zimekutwa katika makaburi ya kifalme ya Ur.

Kwa hiyo, Mwalimu, katika jedwali lako ongeza safu ya kile ambacho bonde halikuwa nacho. Misri ilikuwa na mawe ya kila namna pembeni mwa mto, na dhahabu na shaba katika jangwa lake la mashariki na Sinai, na hivyo Farao alituma misafara yake mwenyewe. Sumeri ililazimika kununua, na kwa kununua ikahitaji hesabu, mihuri, mikataba na wafanyabiashara wa kulaumiwa. Karibu mwaka 1750 KK mteja mmoja, Nanni, alimwandikia mfanyabiashara wa Ur, Ea-nasir, kibao kizima cha malalamiko kwamba shaba aliyopewa ni mbovu na mjumbe wake amedharauliwa. Kibao hicho kiko katika Makumbusho ya Uingereza, London. Mimi kama mfanyabiashara nakisoma kwa huruma kwa pande zote mbili.

Mwalimu wa Zamu ameandika:

Nawashukuru sana, na wewe Mkaazi wa Matrah, waalaikumu salaam. Jedwali langu limekwisha kuvunjika, nami sina huzuni nalo. Naomba kuongeza maswali mawili. Kwanza, nimesoma kwamba Sumeri ilijiangamiza yenyewe kwa chumvi, wakati Misri ililima udongo uleule kwa miaka elfu kadhaa. Je, hilo ni kweli? Pili, hakuna aliyeigusa China, nami sitaki kuwaambia wanafunzi waiache safu hiyo wazi.

Mfuatilia Mambo ya Kale amejibu:

Nitalijibu la kwanza. Maji yote ya mto hubeba chumvi kidogo. Ukimwagilia uwanda tambarare usio na njia ya kutoa maji, kiwango cha maji ya ardhini hupanda, jua huyavuta juu, maji huondoka na chumvi hubaki. Huko Sumeri mmwagiliaji alikabiliwa na jambo hilo kila mwaka, na dawa aliyokuwa nayo ni kuliacha shamba lipumzike msimu mmoja ili magugu yenye mizizi mirefu yakaushe udongo wa chini. Misri ilisalimika kwa sababu mto ulishuka mita kadhaa kila mwaka baada ya gharika, maji ya ardhini yakashuka nao, na gharika iliyofuata ikausafisha udongo na kuondoka na chumvi. Uthibitisho wa maelezo haya tunao katika zama zetu: tangu umwagiliaji wa mwaka mzima ulipoenea, na hasa baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, Misri nayo imelazimika kutandaza mabomba ya kutoa maji chini ya mashamba yake.

Mwaka 1958 Thorkild Jacobsen na Robert Adams walidai kwamba katika eneo la Girsu, huko Sumeri, ngano ilikuwa takribani sehemu moja ya sita ya mazao karibu mwaka 2400 KK, ikapungua hadi asilimia mbili hivi miaka 300 baadaye, na kufikia mwaka 1700 KK ikatoweka, kwa kuwa shayiri huvumilia chumvi kuliko ngano. Hoja hiyo imerudiwa kila mahali, lakini Marvin Powell aliipinga mwaka 1985 akisema kwamba vipimo vya kale vilisomwa vibaya na kwamba wakulima walijua jinsi ya kuiosha chumvi. Mimi naamini chumvi ilikuwapo na iliumiza, ila siwezi kuipa peke yake lawama ya kuanguka kwa dola, hasa kwa kuwa miji ya kusini iliendelea kulima baada ya hapo.

Kuna sababu nyingine iliyovuka mipaka ya mabonde. Karibu mwaka 2200 KK ukame mrefu ulizipata nchi nyingi za sehemu hiyo ya dunia. Akkad ilianguka wakati huo. Misri ya Farao wenye piramidi iligawanyika wakati huohuo, na katika kaburi la Ankhtifi, mkuu wa jimbo huko Mo'alla, imeandikwa kwamba Misri yote ya Juu, yaani ya kusini, ilikuwa ikifa kwa njaa hata watu wakala watoto wao, lakini katika jimbo lake yeye hakufa mtu. Andiko la kujisifu kama hilo lisisomwe kama taarifa ya serikali, ila mtu hajisifu kwa kuwalisha wenye njaa mahali ambapo njaa haikuwapo. Indus haikuanguka kwa siku moja. Mvua za pepo za msimu zilidhoofika, miji mikubwa ikapungua kidogokidogo kuanzia karibu mwaka 1900 KK, na watu wakahamia vijiji vya mashariki kuelekea bonde la Ganga. Ile simulizi ya mchimbuzi Mortimer Wheeler, kwamba Mohenjo-daro iliteketezwa na wavamizi, ilibomolewa na George Dales mwaka 1964, alipoonyesha kwamba mifupa iliyotegemewa kama ushahidi haikuwa ya tukio moja. Kama bado unaikuta katika kitabu, kitabu hicho ni cha zamani.

Aliyesoma Zhengzhou amejibu:

Nichukue la China, kwa kuwa nimeishi miaka kadhaa karibu na Huang He. Safu hiyo ndiyo inayokaa vibaya zaidi katika jedwali. Wakulima wa kaskazini walipanda nafaka ndogo za jamii ya ulezi kwenye udongo wa vumbi uliopeperushwa na upepo, udongo mwepesi unaoshika unyevu, na walitegemea mvua kuliko mifereji. Mto wenyewe waliuogopa zaidi kuliko walivyoutumia, maana hubeba tope jingi hata mkondo ukapanda juu ya nchi na kuhama, na mwanzilishi wa ukoo wa kwanza wa wafalme katika simulizi zao, Yu, anasifiwa kwa kuyaongoza mafuriko yaende baharini.

Maandishi ya kale kabisa yanayosomeka ya China yanatoka Anyang, mji wa mwisho wa wafalme wa Shang, kuanzia karibu mwaka 1250 KK, yaani miaka elfu mbili hivi baada ya vibao vya Uruk. Tena kazi yake si ileile. Vibao vya mwanzo vya Uruk vinahesabu shayiri, mifugo na vibarua; mifupa ya Anyang ni ya ramli. Mfalme aliuliza kama mvua itanyesha, kama mavuno yatakuwa mema, kama mkewe Fu Hao atajifungua salama, kisha mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la kobe likachomwa hadi likapasuka, na nyufa zikasomwa. Mto nao ulitolewa sadaka kama mmoja wa wenye nguvu. Huyo Fu Hao aliongoza majeshi, na kaburi lake lilipatikana mwaka 1976 likiwa halijaguswa na wezi. Inawezekana Shang walikuwa na hesabu zao juu ya mianzi iliyooza, lakini zilizobaki mikononi mwetu ni sauti za wafalme wakizungumza na mababu.

Ukitaka mahali pa China palipojengwa kwa maji kweli, tazama kusini, katika bonde la chini la Yangtze. Liangzhu, karibu na Hangzhou, ulikuwa mji wa wakulima wa mpunga wenye kuta zilizozunguka hekta 300 hivi, na nje yake kulikuwa na mfululizo wa mabwawa ya udongo ya miaka 5,000 iliyopita, yaani ya zamani kuliko Piramidi Kuu ya Khufu. Tope la mabwawa hayo lilifungwa kwa nyasi kama vifurushi na kupangwa safu kwa safu. Wakubwa wake walizikwa na vito vingi vya jade, lakini hawakuacha maandishi yanayosomeka. Vitabu vya shule haviutaji kwa sababu kuta za mji huo zilitambuliwa mwaka 2007 tu, na mabwawa yake yakathibitishwa kuwa ya zama hizo baada ya hapo.